Fimbo ya mzee na kipima joto cha kijana: maswali yenu ya kazini

Niko kituo cha kuchakata kahawa Mbozi. Nina kipima joto na kipima asidi, lakini mzee wa matangi ya kuchachushia kahawa huchomeka fimbo tu, akaichomoa, akasema "bado" au "osheni". Nikimuuliza amejuaje, ananijibu "utajua tu".

Acha kumuuliza, mwangalie. Akichomoa fimbo, shimo likibaki wazi, ule ute unaofunika punje umeshaachia; likijifunga, bado. Halafu hufikicha punje kiganjani: zikikwaruza kama changarawe, tayari. Ila kuna mengine ambayo hata yeye hajui kwamba anayajua. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha tangi, na sidhani kama anahesabu; mwili wake ndio unaohesabu.

Miaka ya themanini huko Osaka, Japani, wahandisi wa Matsushita, kampuni ya vifaa vya umeme, walishindwa kutengeneza mashine ya nyumbani ya kuoka mkate. Unga haukukandika vizuri. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kuwa mwanafunzi wa mwokaji mkuu wa hoteli moja. Kwa kukanda naye ndipo alipogundua kuwa yule bwana havuti unga tu, anausokota pia. Wakabadilisha mashine kwa ndani, na ikafanya kazi.

Kwa hiyo fungua daftari. Kwa kila tangi andika saa, joto, asidi, na neno la mzee. Msimu ukiisha, mwonyeshe yeye kabla ya meneja. Hapo mtabishana vizuri, na nadhani utashindwa mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Kamwene! Nina miezi minane masijala hapa Iringa. Nikipendekeza chochote kikaoni naambiwa "hilo tulishalijaribu".

Kamwene. Huenda ni kweli walijaribu. Uliza: "Lilikwamia wapi?" Kama lilikwama kwa sababu ya kukatika umeme au bei ya bando, sababu hiyo huenda imeshaondoka. Na usianzie kikaoni. Pita mezani kwa mkongwe asubuhi, shikamoo kwanza, faili baadaye.

Mimi ni fundi, miaka 58, Mbeya. Bosi anataka niandike yote ninayoyajua kwenye kompyuta. Nikimaliza, si nitakuwa nimejifukuza?

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ina msingi. Karakana moja niliyowahi kufanya kazi ilimpa fundi wa mkataba vijana wawili awafundishe. Walipoiva, mkataba wake haukuendelea. Tangu hapo pale hakufundishwa mtu. Ukiuliza spana ya kumi na saba iko wapi, kila mtu anatazama dari.

Mwambie bosi hivi: kufundisha kuingie kwenye majukumu yako kwa maandishi, na upewe muda wake. Kama uko serikalini, kustaafu kwa lazima ni miaka 60, basi hiyo miwili iwe na ratiba. Kuandika mwachie kijana: wewe fungua injini ukiongea, yeye aandike, kisha umsahihishe. Jina lako liwe juu ya ukurasa.

Nina kiwanda cha mbao Mafinga. Nataka ubunifu. Nipunguze wenye umri?

Hapana. Mwaka 2007 kampuni ya magari ya BMW, kiwandani Dingolfing, Ujerumani, walipanga kwa makusudi mstari mmoja wa uzalishaji wenye wafanyakazi wa wastani wa miaka 47. Marekebisho yapatayo 70, mengi yakitokana na wafanyakazi wenyewe: sakafu ya mbao, viti, vioo vya kukuzia vitu vidogo. Tija ikapanda asilimia 7 ndani ya mwaka. Mwulize mtu wako wa msumeno ni nini kinamuumiza mgongo, kisha nenda karekebishe hicho kwanza.

Kufundishwa simu na mtoto niliyemzidi miaka thelathini, si kujishusha? (Tukuyu)

Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric, aliwaagiza wakubwa wake wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, naye mwenyewe akajitafutia wake. Siku ya kwanza fungeni mlango. Siku ya pili mpe na wewe somo lako.