Ukiikuta injini ya moto, rudi kesho

Jumamosi iliyopita, pale tunapokusanyika kabla ya kutoka kwenda Bagamoyo, mdogo wetu mmoja alikuja na pikipiki mpya, Yamaha R6. Mpya kwake, maana ni ya 2008. Ya buluu, makava yanang'aa, ekzosi inaamsha watoto mtaa wa pili. Tukaizunguka, tukampongeza, tukapiga picha. Baadaye akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu: "Kaka, hivi hizi mashine gia namba mbili kuruka na kurudi fri ni kawaida?"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Huyu nilimwambia mara tatu anipigie kabla hajatoa hela. Hakunipigia. Alikwenda na dalali pamoja na rafiki yake mwenye Boxer, na wote wawili wakamwambia chuma kimesimama.

Basi naandika kwa ajili ya ninyi mnaoendelea kudunduliza. Kuendesha mnajua, na hela Mungu akijalia mtapata. Kinachowaponza ni kwamba mkishaiona mashine mnageuka wachumba.

1. Injini uikute imepoa. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe mpaka ufike, na ukifika kitu cha kwanza kabla hata ya salamu kunoga, sogeza kiganja karibu na injini na bomba la moshi. Kama kuna joto, muage vizuri na urudi kesho asubuhi.

Hili nililijua mwaka 2015. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengine. Ndiyo maana mpaka leo linaniuma.

Nilikwenda Sinza saa kumi na moja jioni kuangalia Suzuki GSX-R600 ya 2006, nyeusi, bei milioni 11. Nilikuwa na rafiki zangu wawili ambao njiani walishaipa jina. Hela nilikuwa nayo kwenye bahasha ndani ya jaketi, na nadhani muuzaji aliiona bahasha kabla hajaniona mimi. Nikasogeza kiganja: ya moto. Nikamwangalia. Akasema, "Nimeiwasha kidogo tu isije ikakusumbua." Isinisumbue! Pikipiki yenye mfumo wa sindano za mafuta, Dar es Salaam, mwezi wa pili, itanisumbuaje kuwaka? Yote hayo yalinipita kichwani na mdomo ukasema, "Sawa, hakuna shida." Niliona aibu mbele ya wale wawili. Kurudi kesho kungeonekana kama hela sina.

Nikaomba kuijaribu. Akasema nizunguke mtaani tu, bima imeisha na askari wako Shekilango. Nikazunguka. Gia ya kwanza, ya pili, kilomita 30 kwa saa, nikikwepa kuku na meza ya mama ntilie. Ilikuwa laini kama hariri. Nikatoa bahasha.

Kesho yake asubuhi niliiwasha ikiwa ya baridi kwa mara ya kwanza. Ililia kama mkebe wenye kokoto, kama dakika moja na nusu, kisha ikatulia. Hiyo ilikuwa tensha, yaani kikaza cha cheni ya ndani, ya kamshafti. Ikipata moto inanyamaza, na ndiyo maana muuzaji aliniwahi. Hiyo bado ni nafuu, kifaa kinabadilishwa kwa nje.

Siku ya tatu nilikuwa nimeshapita Bunju nalivuka lori la mchanga. Gia ya pili, mshale wa mizunguko umefika 9,000, nimeshalipita tairi la nyuma la lori, na mbele kwa mbali inakuja Coaster. Ikaruka. Mkono umefungua mafuta yote na mashine haisukumi tena. Injini inapiga yowe mpaka kwenye kikomo, na mimi naelea ubavuni mwa lori kama mtu aliyeachiwa mkono kwenye ngazi. Nikakanyaga gia, ikaingia kwa kishindo kilichoitikisa cheni nzima. Coaster ilinipigia honi mpaka ilipopotea nyuma yangu. Nilisimama mbele kidogo, nikavua helmeti, nikajiambia: ni mguu wangu, sikuiingiza vizuri.

Wadogo zangu, kwa muda wa miezi miwili niliendesha ile pikipiki nikiiruka gia ya pili. Kwanza, halafu tatu. Nilijizoesha kabisa, nikawa nawaambia watu kwamba gia ya kwanza ya Suzuki ni ndefu, ya pili haina kazi. Mtu akishatoa milioni 11 anaweza kujiaminisha jambo lolote.

Ilipofika hatua ya kukataa hata kuingia, nikaipeleka gereji. Fundi, mzee wa maneno machache, aliisikiliza mtaani dakika tano akarudi. "Hii tunapasua krenkesi." Sikumwelewa. Nilidhani gia unafungua kifuniko cha pembeni, kama klachi. Hapana. Kwenye mashine hizi sanduku la gia limo ndani ya injini yenyewe. Injini yote inashushwa kutoka kwenye chesisi, inageuzwa miguu juu na kupasuliwa vipande viwili. Tulikosa chombo cha kuwekea vitu, nikaenda nyumbani nikachukua beseni la kuogeshea mtoto.

Siku moja fundi aliniita, akaniwekea kiganjani gia namba mbili. Imefutwa oili, nzito kuliko unavyodhani. Gia hizi haziingii kwa yale meno ya nje unayoyaona, hayo yanakamatana muda wote. Zina vidole vya pembeni vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani. Kidole kizima kina kona kali, ukikigusa kinakukwaruza ngozi. Vyangu vilikuwa vya mviringo, vimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Uma unaoisukuma gia nao ulikuwa umepinda na kugeuka rangi kwa joto. Mwenye nayo wa zamani alikuwa ananyanyua tairi la mbele kila Jumapili, hilo halihitaji mganga. Kutoka moja kwenda mbili unavuka fri, na mguu ukiwa mvivu au mkono ukiwa na papara, kidole kinaingia nusu na kujimega kidogo kidogo, siku hadi siku.

Vipuri viliagizwa Uingereza, wiki saba. Mpaka inawaka, milioni 2 na laki 8 zimekwenda. Nilimpigia muuzaji, akanijibu kwa mshangao wa kweli: "Mbona mimi ilikuwa hainisumbui?" Nikamuuliza gia ya pili alikuwa anaitumia? Kimya. "Mimi natoka moja naweka tatu." Mke wangu katika kipindi chote hicho aliniuliza swali moja tu: beseni la mtoto linarudi lini.

Kwa hiyo majaribio ni haya, na yafanyike barabara iliyonyooka, siyo kwenye uchochoro wa kuku. Weka gia ya pili, mshale ukiwa 5,000 fungua mafuta yote mpaka 10,000, funga ghafla, fungua tena. Fanya hivyo mara tatu. Rudia na gia ya tatu. Ikiruka hata mara moja, nenda nyumbani. Muuzaji akikataa usiende umbali huo hata ukimwachia hela yako yote mkononi kama dhamana, ameshakujibu.

2. Imeanguka au haijaanguka. Zote zimeanguka, swali ni imeanguka vipi. Kuanguka imesimama nyumbani kunaacha mkwaruzo kwenye ncha ya hendeli, ncha ya klachi na kifuniko cha jenereta. Kuanguka mbio kunaacha alama sehemu ambayo mwuzaji hakumbuki kupaka rangi: kata hendeli mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, chungulia vile vizuizi vidogo kwenye shingo ya chesisi. Vikiwa vimebonyea au kimoja hakipo, mashine hiyo ilipigwa mbele kwa nguvu. Makava mapya kabisa kwenye pikipiki ya miaka 15 mimi hayanifurahishi, yananipa kazi ya kuchungulia chini yake kwa tochi. Kisha mtu anyanyue mbele, ugeuze hendeli taratibu: ikikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha.

3. Namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo. Isome mwenyewe kwa macho yako, herufi kwa herufi, huku kadi ikiwa mkono wa pili. Suzuki ya Japani inaanza na JS1, Yamaha JYA, Honda JH2. Zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi, kama Honda CBR1000RR zinazoanza na SC57, usishtuke. Ushtuke ukiona pamesagwa au rangi imepakwa pale tu. Angalia na deni la faini za trafiki kwa namba ya usajili, ile ya MC, mkataba ufanyikie kwa wakili, na mabadiliko ya umiliki TRA yaanze wiki hiyo hiyo. Kadi iliyoko "kwa shemeji Mwanza" mwambie shemeji aitume kwanza. Nimewahi kusubiri kadi ya aina hiyo miezi mitatu, na shemeji mwenyewe hayupo.

4. Haya yapite haraka. Tarakimu nne za tairi: 3211 ni wiki ya 32 ya mwaka 2011, hata kama kashata zake, yale meno ya mpira, zimejaa, hiyo ni plastiki tu. Vuta cheni nyuma ya sproketi. Ikiachia nusu jino, bajeti ya cheni na sproketi zote mbili. Diski ya breki imegongwa chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa, nenda na kipimo. Betri isome volti 12.5 ikiwa imezimwa na 14 na ushee kwenye mizunguko 5,000. Isipopanda, kuna rektifaya (inayodhibiti umeme wa kuchaji) au jenereta inakusubiri. Iache iungurume imesimama mpaka feni iingie, nyuzi mia na kidogo, kwa sababu foleni ya Mwenge haitakuuliza kama feni inafanya kazi. Na jamani, someni dashibodi! Huyu mwenye R6 anasema imetembea 18,000. Nimeangalia: ni maili. Hiyo ni karibu kilomita 29,000.

Wenye kutaka GSX-R, ongezeni hili. Mwaka 2013 Suzuki iliziita zirudishwe kurekebishwa 600 na 750 za kuanzia 2004, na 1000 za kuanzia 2005, kwa ajili ya pampu ya breki ya mbele. Maji ya breki yakizeeka, pistoni ya ndani inapata kutu na kutoa gesi, na breki inakuwa kama sponji. Nyingi zilizoko hapa zilikuja mtumba na historia yake ilibaki huko zilikotoka. Kamata breki ya mbele kwa nguvu dakika nzima. Ikizama, bei ishuke au uondoke.

5. Funguo. Yamaha za Ulaya zenye kinga ya wizi zilitoka na ufunguo mwekundu mmoja na weusi wawili. Mwekundu ndio unaosajili wengine. Ukipewa mweusi mmoja tu, na huo nao ukaudondosha Coco Beach, umenunua sanamu.

6. Nenda na mtu asiyependa pikipiki. Mara ya pili, naenda kuangalia Honda CBR600RR Tabata, nilimchukua shangazi yangu anayeuza samaki Feri. Rafiki zangu walinicheka. Injini ilikuwa ya baridi, mambo safi, inang'aa mpaka chini. Shangazi akainama, akatazama matone kwenye bomba, akasema, "Huyu samaki kamwagiwa maji sasa hivi." Sikuelewa. Akaniambia samaki anayemwagiwa maji kila saa ni yule mwenye harufu. Nikapitisha kitambaa chini ya kifuniko cha klachi: oili mbichi. Injini ilikuwa imeoshwa nusu saa kabla ili uvujaji usionekane. Halafu akamuuliza yule kijana kwa nini anauza. Anasafiri. Tukaongea mengine, akamuuliza tena. Anajenga. Tunaaga, akamuuliza mara ya tatu, na sasa mama mkwe alikuwa mgonjwa. Tulirudi na daladala. Nauli alilipa yeye, akasema hela yangu niitunze.

Sasa wewe wa R6. Nimeongea na yule mzee, bado yupo na bado haongei. Jumapili saa tatu asubuhi tunaishusha injini. Oili utanunua wewe, chai nitanunua mimi. Njoo na beseni, la kwangu limekatazwa kutoka nyumbani.