Re: Zitto Kabwe alifungiwa bungeni kwa kosa gani?

Mkuu umeuliza kama Zitto alianzia Kigoma Mjini na kwa nini alifungiwa 2007. Hapana, ubunge alianzia Kigoma Kaskazini 2005 kwa tiketi ya Chadema, Mjini kaja kuichukua 2015 akiwa ACT-Wazalendo, halafu 2020 akaikosa. Ile ya 2007 ni mgodi wa dhahabu wa Buzwagi bana, waziri wa nishati na madini Karamagi alisaini mkataba wa mgodi hotelini London, London kabisa, sasa Zitto akataka iundwe kamati teule ichunguze, wakamgeuzia kibao eti kalidanganya bunge, nje mpaka Januari 2008. Cha kuchekesha hata mwaka haujaisha rais JK (Kikwete) akamweka kwenye kamati ya Jaji Bomani ya kupitia madini, na sheria mpya ya madini ikaja 2010. Mi siyo shabiki wake sana, ana kigeugeu chake, ila kwenye hesabu za serikali jamaa alikuwa moto, ripoti ya kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow 2014 kaisoma yeye kama mwenyekiti wa PAC, kamati ya bunge ya hesabu za serikali, na mwanasheria mkuu Werema na waziri wa nishati Muhongo wote wakajiuzulu. Chadema walimtimua Machi 2015, hiyo nayo ina mambo yake, fungulia uzi wake.