Snuka: nyekundu naiona nusu, ni frii boli au sio?

SWALI: Jamaa kafanya faulo, mpira mweupe ukakwama nyuma ya nyeusi, nyekundu zote naona nusunusu tu, akabisha eti maadamu zinaonekana hakuna frii boli (ile ruhusa ya kutaja mpira wowote uupige badala ya nyekundu). Na nikitaja nyeusi nikaiingiza napata 7?

JIBU: Haki yako kaka. Kuona hakutoshi, lazima uweze kuigonga moja kwa moja angalau nyekundu moja kwenye ncha zote mbili, kushoto na kulia, vinginevyo ni frii boli. Ila 7 sahau! Nyeusi hapo inahesabika kama nyekundu, pointi 1, inarudishwa mahali pake halafu ndo unachagua rangi, ukiipiga tena nyeusi ikaingia hapo sasa 7. Na usimfichie mpinzani mpira mweupe nyuma ya mpira uliotaja, ni faulo, labda zibaki pinki na nyeusi tu.