Shukrani ya Dada Pili isianzie kwenye keki

*Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, na maneno anayotamka ni machache. Tangu mama afariki miaka mitano iliyopita, anatunzwa na Dada Pili, dada wa kazi ambaye mama mwenyewe alimleta, huko nyumbani Muheza. Sisi wengine tuko Dar. Mwezi uliopita Dada Pili aliomba wiki moja aende Korogwe kwenye harusi ya mpwa wake. Nikamjibu, "Sasa mgonjwa utamwachia nani?" Akanyamaza, na hakwenda. Tangu hapo nafsi inanisuta. Tunataka kumfanyia sherehe ya shukrani: keki, doti ya kanga na bahasha ya laki mbili. Kaka yetu mkubwa anasema analipwa, shukrani ya nini tena? Nishauri.*
*Msutwa, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Kila nikisoma barua yako nakwama palepale: "Utamwachia nani?" Angemwachia wewe.

Halafu, mdogo wako si mgonjwa. Ni mtu mzima mwenye ulemavu.

Keki siikatai. Ila naiona hiyo sherehe: nyinyi na soda zenu, Dada Pili katikati ya picha na kanga mpya begani, kisha saa mbili usiku yuko jikoni anaosha sahani za sherehe yake mwenyewe, huku akikimbilia chumbani maana saa ya dawa imefika.

Kaka yako mkubwa mjibu hivi: kama analipwa, basi alipwe kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka, na saa 24 za kupumzika kila wiki. Wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Kwa miaka mitano hizo ni siku 140. Amechukua ngapi? Na NSSF mmemwandikisha? Kama majibu ni hayo ninayoyahisi, laki mbili msiiite zawadi, mnapunguza deni.

Sasa fanya hivi. Omba ruhusa kazini, nenda Muheza, na siku mbili za kwanza kaa na Dada Pili umfuate hatua kwa hatua, daftari mkononi. Akuoneshe anavyomkalisha wima kabla ya kumlisha, na kumwacha wima baada ya kula ili asipaliwe. Dawa ya kifafa anampa saa ngapi, maana ikirukwa degedege linaweza kurudi. Anavyomgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia. Anavyomhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kukunja magoti, si mgongo. Muulize pia ule mguno unaomaanisha tumbo na ule unaomaanisha "zima redio", kwani hayo hayajaandikwa popote, yamo kichwani mwake tu. Mimi nilimhudumia marehemu shemeji yangu siku tisa. Ya kumi sikuweza kuinama kufunga viatu. Dada Pili ana miaka mitano.

Kisha mpe nauli na umwache aende Korogwe wiki nzima. Harusi imeshapita, lakini ndugu zake wapo. Usimpigie simu kuuliza chumvi iko wapi.

Mdogo wako aambiwe mapema kwamba Dada Pili anaondoka na siku gani anarudi. Mwoneshe kwenye kalenda kila asubuhi. Kanga achague yeye. Mtandazie tatu nne uone mkono wake unakwenda wapi. (Jina la kanga lisome wewe kwanza, nimeshaona doti ikivunja ujirani.)

Na yale maneno ya harusi yaombee radhi, uso kwa uso, kabla hajapanda basi. Akirudi, mkate keki. Sahani utaosha wewe.