Walimu wapya, kile mtoto anachokipenda msikinunue

Walimu wa ajira mpya na nyie mlioko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nawapenda ila mmeanza kunichosha, kila muhula nikipita madarasani nakuta mambo yaleyale. Chuoni wote mmemsoma yule mwanasaikolojia Skinner na panya wake, panya akibonyeza kitufe anapata chakula, mtihani mkajibu vizuri, mkiingia darasani mnasahau kwamba na nyie mnagawa chakula siku nzima, yaani pipi, sifa, hata kumtaja mtoto jina.

1. Pipi. Hapa nitakaa maana panauma. Kuna mwalimu kijana tulifanya naye kazi, anajituma hasa, alikuwa na darasa la pili, watoto wale wakimaliza zoezi wanakimbilia wenyewe kona ya vitabu, wanagombania vya hadithi. Akaona awatie moyo, kitabu kimoja pipi moja. Mwanzoni kona ilijaa, ofisi nzima tukafurahi. Baadaye watoto wakawa wanatafuta vile vyembamba vyenye picha tupu, wanafunua fasta wanakuja wameshanyoosha mkono, na siku pipi zilipokata mtoto aliyekuwa anasoma mpaka kengele inamkuta akauliza, "mwalimu, kwani leo tunasoma bure?" Kijana wa watu alirudi ofisini machozi yanamlenga. Na hili lilishapimwa, mwaka 1973 huko Marekani Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora, kundi moja likaahidiwa cheti likichora, siku za mbele walipoachwa wajichagulie mchezo, wale walioahidiwa cheti wakachora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Wengine waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupunguza kuchora. Kwa hiyo ahadi ndiyo iliyoharibu. Zawadi wekeni kwenye kazi ambayo mtoto bado haijamwingia moyoni, halafu mpunguze kidogo kidogo.

2. Msumbufu. Unamwita jina kipindi kizima, aliyetulia hujamtaja hata mara moja, hapo unayemlipa ni nani? Mtaje akiwa anaandika, palepale, msingoje mstarini Ijumaa.

3. Kabla hujaandika "mzito" kwenye ripoti, mtoe dawati la nyuma umlete mbele wiki mbili. Wengine ubao hawauoni jamani.

4. Fimbo kwa kila hesabu iliyokosewa. Mtoto anajifunza haraka sana, ila anachojifunza ni kunakili kwa jirani. Kusanyeni madaftari mwone, dawati zima limekosa swali la tano kwa jibu lilelile.