Kiinua mgongo cha Emirati: kabla hujamwita fundi wa paa, soma mkataba

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mlinzi hapa Sharjah. Mshahara wangu ni dirhamu 3,500. Kwenye mkataba basic (mshahara wa msingi) ni 1,400, zilizobaki ni posho ya nyumba, nauli na chakula. Nimemaliza miaka minne na miezi sita, nataka kuacha nirudi Tanga. Ninavyojua kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, kwa hiyo nategemea kama 15,750, na fundi nimeshamwambia aje apime paa. Sasa kuna jamaa anasema nikiacha mwenyewe wanakata theluthi, ila nikimpa 500 ataongea na ofisi wasikate. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata fils moja. Anakuuzia sheria iliyokwisha kufa. Zamani aliyeacha kazi mwenyewe kabla ya miaka mitano alikatwa kweli, lakini sheria mpya ya kazi ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2022 na makato hayo yakaondoka. Ukishatimiza mwaka mmoja, uache au uachishwe, hesabu ni ileile. Cha muhimu toa notisi kwa maandishi, kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba wako (sheria inataka usipungue siku 30), na uendelee kufanya kazi mpaka iishe. Huyo jamaa atapokea 500 zako, ofisi italipa kile ambacho ingelipa vyovyote vile, naye atajisifu kwamba ni yeye. Nimechoka na watu wa namna hiyo. Hawakosekani kwenye kambi za wafanyakazi, na wateja wao ni wale wasiofungua mkataba tangu siku waliposaini.

Habari mbaya kwako haitoki kwa huyo jamaa. Inatoka kwenye hiyo 15,750.

Kiinua mgongo hakihesabiwi kwa mshahara wote. Kinahesabiwa kwa basic peke yake, ile ya mwisho uliyokuwa ukilipwa, na kwa miaka mitano ya kwanza ni siku 21 kwa kila mwaka, si mwezi. Siku 30 zinaanza baada ya mwaka wa tano. Chukua 1,400, gawa kwa 30, zidisha kwa 21: ni dirhamu 980 kwa mwaka. Kwa miaka minne na nusu ni 4,410. Kama uliwahi kuchukua likizo bila malipo, siku hizo zinatolewa kwenye muda wako wa kazi, kwa hiyo hata hapo itapungua kidogo. Mwambie fundi asubiri.

Kila wiki napokea swali hili, na karibu kila mara mtu amehesabu kwa jumla ya mshahara. Ukimuuliza basic yake ni ngapi anakujibu, "Kaka, mimi napata 3,500." Hilo silo nililouliza. Waajiri wengi wanaweka basic chini na posho juu makusudi, na sheria haiwakatazi. Posho unakula kila mwezi, unaiona tamu, kumbe basic ndiyo inayobeba kiinua mgongo na nyongeza ya saa za ziada. Mwenye 3,000 ambayo 2,000 ni basic atamaliza miaka yako hiyohiyo na kuondoka na 6,300. Wewe unayemzidi mshahara utamtazama akikupita.

Mawakala kule nyumbani hawaligusi jambo hili kabisa. Wanataja jumla, wanaizidisha kwa shilingi, mtu anauza kiwanja. Wengine wanamtoza hata gharama za ajira, wakati sheria ya Emirati inamtaka mwajiri ndiye azibebe. Unayesoma hapa ukiwa bado Tanga au Mombasa, barua ya ajira ikikufikia tafuta mstari wa basic kwanza. Ukibishana, bishana kuhusu mstari huo kabla hujasaini, kwa sababu ukishafika hakuna atakayekusikiliza. Wasichana wa kazi za ndani wana sheria yao tofauti, wasitumie hesabu hii.

Tena mfuko wa pensheni wa Emirati ni wa raia wao na wa nchi jirani za Ghuba. Mswahili aliyekaa miaka kumi bila kuweka akiba anaondoka na kiinua mgongo basi, na wengi wameshakikopea. Hapo ndipo ninapoona vilio. Mwenye mkopo unaolipwa kupitia mshahara, benki ikiona malipo ya mwisho yameingia inaweza kuifunga akaunti mpaka deni liishe. Kukimbilia uwanja wa ndege hakufuti deni. Kesi inaweza kukuwekea zuio la kusafiri, ukalijua ukiwa dirisha la pasipoti na mabegi yameshapita. Maliza deni, chukua barua ya benki, ndipo uandike ya kuacha kazi.

Kwako wewe: mwajiri anatakiwa akulipe kila kitu ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha, pamoja na siku za likizo ambazo hukuzitumia. Usisaini karatasi ya kwamba umepokea haki zako zote kabla hela haijaingia. Wakizungusha, peleka malalamiko MOHRE, wizara ya kazi, hata kwa programu yao ya simu. Madai yasiyozidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe ina mamlaka ya kuyaamua, na kulalamika hulipii.