Huna Printa? Mzigo Ulioagiza Mtandaoni Bado Unarudi

Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Leicester, chini ya kitanda kuna maboksi. Viatu visivyoingia mguuni, koti la baridi lililokuja dogo, kikaangio cha umeme kisicholingana na picha. Ukiuliza kwa nini vitu hivyo havikurudishwa dukani, jibu ni lile lile: "Walitaka niprinti lebo, na mimi printa sina." Linaniuma sana jibu hilo. Pauni 40 zilizolala chini ya kitanda ni saa kadhaa za shifti ya usiku, au ni ada ya mtoto inayosubiriwa nyumbani.

Mimi sijawahi kuwa na printa tangu nije Uingereza, na narudisha vitu mara kwa mara, hasa nguo, kwa sababu saizi 14 ya duka hili si saizi 14 ya duka lile. Ninachotaka ukishike ni hiki: lebo, ile karatasi ya anwani inayobandikwa kwenye mzigo, waachie muuzaji na msafirishaji. Wewe hesabu siku na tunza risiti.

Tuanze na siku, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza haki yao bila kujua. Kwa kanuni za mikataba ya wateja za mwaka 2013, ukinunua kitu mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara wa hapa, una siku 14 za kubadili mawazo, zinazohesabiwa tangu kesho yake ya siku ulipopokea mzigo. Huulizwi sababu. Lakini siku hizo 14 ni za kumwambia muuzaji kwamba unavunja ununuzi. Si lazima mzigo uwe umeshafika ghalani kwake. Ukishamwambia, unazo siku 14 nyingine za kuutuma. Naye akishaupokea, au ukishamwonyesha ushahidi kwamba umeutuma, ana siku 14 za kukurudishia pesa, pamoja na gharama ya kawaida ya kukuletea.

Kwa mtu wa shifti tofauti hiyo ni kubwa mno. Unaweza kutoka kazini saa mbili asubuhi, ukaandika barua pepe ya mistari miwili ukiwa kwenye basi, ukalala, na kifurushi ukakipeleka siku yako ya mapumziko. Usisubiri kwanza upate pa kuprinti ndipo uwaambie. Waambie leo. Maduka mengi pia hutoa muda mrefu kuliko sheria inavyodai, hivyo soma ukurasa wao wa kurudisha bidhaa kabla ya kukata tamaa.

Mipaka ipo. Kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako au kuandikwa jina lako, chakula kinachoharibika, na bidhaa za usafi wa mwili zilizofungwa kwa sababu za kiafya ambazo umeshazifungua, hizo haki hii haizigusi. Wala haimgusi mtu binafsi anayeuza nguo zake alizozivaa. Kitu kikija kibovu, hiyo ni habari nyingine: sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kudai pesa yako yote, na gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji. Ikiwa umebadili mawazo tu, huenda ukalipia usafiri mwenyewe, lakini awe alikuambia hivyo tangu mwanzo.

Sasa lebo. Ukiingia kwenye ukurasa wa kurudisha, mara nyingi chaguo la kwanza utakaloonyeshwa ni la kuprinti nyumbani, na wengi huishia hapo. Shuka chini. Tafuta chaguo linalosema huhitaji printa. Ukilichagua utatumiwa msimbo wa QR kwenye simu, ile picha ya mraba yenye vidoti ambayo mashine huisoma. Royal Mail, shirika la barua na vifurushi la hapa, wanao utaratibu huu: unapeleka kifurushi na simu yako, wanausoma msimbo, lebo inatoka kwenye mashine yao na wanaibandika. Evri, kampuni ya kusafirisha vifurushi, nao wana maduka ya mitaani yenye mashine za kutoa lebo. InPost, kampuni nyingine ya vifurushi, wana yale makabati ya njano nje ya maduka makubwa na vituo vya mafuta. Unaonyesha msimbo, mlango mmoja unafunguka, unaweka mzigo, unafunga. Mengi kati ya makabati hayo hufanya kazi usiku na mchana, ndiyo maana nayapenda kwa watu wanaotoka kazini wakati maduka yamefungwa.

Kuna njia nyingine ambayo naona haijulikani vya kutosha. Tangu mwaka 2020 Royal Mail wana huduma ya kuchukua vifurushi mlangoni, na unaweza kuomba mleta barua aje na lebo mkononi. Huduma hiyo huweza kuwa na malipo, kutegemea muuzaji na mpango wake. Kwa mama mwenye kichanga, au mtu anayeuguza, hiyo ni nafuu ya kweli.

Duka ninalopelekea vifurushi vyangu linaendeshwa na mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja, aliyefika mji huu mwaka 1972 baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda. Kiswahili bado anacho, na wazee wenzake wanaokijua ni wengi tu hapa Leicester. Huyo ndiye aliyenifundisha mambo ya kaunta. Piga picha ya skrini yenye msimbo ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ndani ya duka mtandao huweza kukataa. Ongeza mwanga wa simu kabla ya kuinyoosha. Kama kioo kimepasuka, sogeza picha mpaka msimbo ukae mahali pazima. Boksi lile lile lililokuletea mzigo linafaa, ila bandua lebo ya zamani au uifunike kabisa, maana mashine ya kituoni ikisoma mistari ya zamani kifurushi kinaweza kurudi kwako. Na usichanganye oda mbili kwenye boksi moja kwa kuokoa nafasi. Kila oda na msimbo wake, la sivyo ghalani wataona moja na kukulipa moja.

Risiti ndiyo ninayoipigania kuliko yote. Ukiwa Posta, omba ushahidi wa kutuma. Hutolewa bure, na usiondoke kaunta bila huo. Dada mmoja tunayesali naye alirudisha simu, muuzaji akasisitiza kwamba haijafika. Dada yule alikuwa na karatasi yenye tarehe na namba ya kufuatilia. Aliipiga picha, akaituma, na pesa yake ikarudi. Bila karatasi ile yangebaki maneno yake dhidi ya ya duka. Karatasi za namna hiyo hufifia wino, kwa hiyo ipige picha hapo hapo. Ukitumia kabati, uthibitisho utakuja kwa barua pepe. Usiufute mpaka uone pesa benki.

Wapo wauzaji wadogo ambao hutuma faili la lebo na hawana lingine. Waandikie kwanza kwamba huna printa, uwaombe msimbo, wengi hukubali. Wakishindwa, nenda maktaba ya umma. Jiandikishe upate kadi, fungua barua pepe yako kwenye kompyuta yao, na uprinti kwa peni chache. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako na hakikisha faili halikubaki kwenye mashine, kwa sababu lina jina na anwani yako. Na kama gharama ya kurudisha ni yako, lebo yao hata si lazima: andika anwani yao kwa kalamu, herufi kubwa zinazosomeka, weka ndani karatasi yenye namba ya oda, ulipie Posta kwa huduma yenye namba ya kufuatilia.

Kwa muuzaji aliye nje ya nchi, kama China, mahesabu hubadilika. Usafiri wa kurudisha unaweza kuzidi bei ya gauni lenyewe. Angalia anwani yake ya kurudishia kabla ya kununua.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu kimewaumiza watu ninaowafahamu. Siku unayosubiri habari za kifurushi ndiyo siku rahisi ya kutapeliwa. Ujumbe unaingia ukijifanya wa Posta au wa msafirishaji, unadai ada ndogo, pauni moja au mbili, mzigo uendelee na safari. Usibonyeze kiungo hicho wala kuweka namba ya kadi yako. Fungua mwenyewe tovuti ya msafirishaji, ingiza namba iliyo kwenye risiti yako, uone mzigo uko wapi. Ule ujumbe upeleke 7726, namba ya kuripoti ujumbe wa matapeli, ni bure, kisha ufute.